Maua mbele ya michoro: uzoefu wangu wa maonyesho ya makumbusho

Nianze na hukumu ili mwenye haraka asipoteze muda: nimeyapa nyota nne kati ya tano. Ile ya tano imeliwa na msongamano wa watu na sponji. Habari ya sponji nitaifikia.

Kwa ambaye hajawahi kuyaona maonyesho ya namna hii, utaratibu wake ni huu. Jumba la makumbusho ya sanaa huwaalika wapambaji wa maua, na kila mmoja hupewa kazi moja iliyopo ukumbini, iwe mchoro, sanamu au kitambaa. Kazi yake ni kutengeneza pambo la maua linaloijibu kazi hiyo. Pambo huwekwa kwenye stendi karibu na kazi yenyewe, linakaa siku chache, kisha linaondolewa kwa sababu maua hayana subira. Jumba la Museum of Fine Arts la Boston, Marekani, lilianza mtindo huu mwaka 1976, San Francisco nao wakaanza wa kwao mwaka 1984, na tangu hapo umeenea. Nilikokwenda mimi ni kwingine, ila utaratibu ni uleule.

Nilikata tikiti ya vitu vitatu: kuingia, ziara ya kuongozwa, na darasa la mchana la kupamba. Nitasema juu ya vyote vitatu, lakini maneno mengi yatakwenda kwenye maua yenyewe, maana ndiyo yaliyonipeleka.

Kwanza namna ya kutazama, kwa sababu niliona watu wengi wakilipa hela yao kisha wanapitwa. Wanaingia, wanautazama mchoro, wanashusha macho kwenye maua, wanatafuta rangi zilezile. "Aa, nyekundu ile pale, na hii hapa." Picha moja ya simu, wanasonga mbele. Mimi nawashauri mfanye kinyume. Ukifika, upe mchoro mgongo. Litazame pambo peke yake, lizunguke kama nafasi ipo, ona uzito wake umelalia upande gani, ona mahali palipoachwa wazi. Jiulize linakwenda haraka au limetulia. Ndipo ugeuke. Pambo zuri litakuwa limeshakuambia mchoro una tabia gani kabla hujauona. Pambo bovu litakuwa limekuambia rangi tu, na rangi hata kitambaa cha dukani kinaweza kukuambia.

Kwa kipimo hicho, lililonisimamisha mapema ni lile la wimbi kubwa la Hokusai, msanii wa Japani. Ni chapa ya ubao ya mnamo 1831, na kwa kuwa ni chapa, nakala zake ziko katika makumbusho mengi duniani. Ukiwa umezoea kuiona kwenye fulana na vikombe unasahau kwamba ni karatasi ndogo, takribani sentimita 25 kwa 37. Kinachosifika zaidi ndani yake ni ile buluu ya Prussia, kwa hiyo ungetegemea mpambaji akimbilie maua ya buluu. Huyu hakuweka hata ua moja la buluu. Alichukua majani membamba, marefu, magumu, akayapindisha yote upande mmoja mpaka yakatengeneza mgongo wa wimbi. Kwenye ncha akafunga krisanthemu nyeupe, zile za aina yenye petali nyembamba zilizojikunja mwishoni. Ukilitazama povu la Hokusai kwa makini utaona amelichora kama kucha zinazotaka kunyakua kitu, na petali zile zilikuja na kucha zake tayari. Chini kabisa kulikuwa na majani matatu yaliyolazwa, kwa ajili ya mashua tatu. Na mahali pa mlima Fuji, ambao kwenye chapa ni mdogo na uko mbali, hakuweka kitu. Aliacha tundu. Nilizunguka, nikachuchumaa, nikagundua kwamba kuna mahali pamoja ukisimama, tundu lile linauzunguka mlima wenyewe ulioko ukutani nyuma yake.

Hilo la kutotumia buluu nililielewa vizuri zaidi nilipoangalia taa. Chapa za karatasi hufifishwa na mwanga, kwa hiyo makumbusho huziwekea mwanga hafifu, kwa kawaida usiozidi luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga). Katika ukumbi wa namna hiyo ua la buluu iliyokolea linageuka kuwa doa jeusi. Meupe ndiyo yanayobaki na sauti. Huyu mtu alikuja kukipima chumba kabla hajaagiza maua, na wengine kadhaa hawakufanya hivyo. Ukumbi wa pili kulikuwa na pambo zito la zambarau ambalo kwa hakika lilipendeza sana karakanani.

Sasa tuje kwa lililoniudhi. Mbele ya mchoro wa Mondrian, mchoraji wa Uholanzi, miraba ya nyekundu, njano na buluu iliyogawanywa kwa mistari myeusi, mpambaji aliweka visanduku vitatu: mawaridi mekundu, mawaridi ya njano, na mawaridi ya buluu. Watu walilipenda, foleni ya picha ilikuwa ndefu kuliko popote. Lakini waridi halina buluu ya asili, kwa kuwa mmea wenyewe hautengenezi rangi inayoyapa maua mengine ubuluu. Hata lile waridi la kampuni ya Suntory lililotengenezwa kwa uhandisi wa jeni na kuanza kuuzwa Japani mwaka 2009 linaelekea zaidi kwenye zambarau nyepesi. Haya ya kwenye kisanduku yalitiwa rangi, na rangi ilikuwa imejikusanya kwenye mishipa ya petali na kuacha kingo zenye mabaka. Ndiyo, miraba ilikuwepo. Ila Mondrian si miraba. Mchoro wake unasimama kwa sababu kila kipande kinausukuma kingine na hakuna kinacholala katikati. Visanduku vile vilikuwa vimepangwa sawasawa, vya ukubwa mmoja, vimelala usingizi.

Na kilichonisikitisha zaidi ni kwamba Mondrian na maua wana kisa kizuri ambacho kingeweza kutumika. Aliwahi kuchora maua mengi, krisanthemu hasa, na hata baada ya kuhamia kwenye mistari aliendelea kuyachora ili apate riziki. Halafu katika studio yake ya Paris aliweka tulipu moja ya bandia ambayo jani lake lilipakwa rangi nyeupe, kwa sababu kijani hakukitaka machoni pake. Mpambaji aliyepewa mtu anayekikataa kijani, halafu akaacha majani ya mawaridi yakichungulia kila kona ya kisanduku! Haya, tuyaache.

Pambo la mchoro wa maua wa Waholanzi wa kale lilikuwa na mtego wake. Unafanyaje ukipewa mchoro wa maua? Ukiweka maua yaleyale umenakili, ukiweka mengine umekimbia. Michoro ile ya karne ya 17 na 18 ina siri ambayo kiongozi wa ziara alitueleza vizuri: shada lile halikuwahi kuwepo. Tulipu ni ua la majira ya kuchipua, waridi linafuata baadaye, na mchoraji alikuwa akichora kila ua wakati wake, kisha anayakutanisha kwenye turubai. Jan van Huysum, mmoja wa wachoraji hao, aliandika katika barua mwaka 1742 kwamba hawezi kumaliza mchoro kwa sababu hajapata waridi la njano. Leo vyumba vya baridi na ndege za mizigo vinakuletea tulipu na waridi siku moja, kwa hiyo lililokuwa haliwezekani kwa van Huysum linawezekana kwa yeyote mwenye simu na hela. Mpambaji wetu akaikataa njia hiyo. Aliweka maua ya msimu mmoja tu, machache, na yote yakiwa katika hatua tofauti: fumba ambalo halijafunguka, ua lililoiva, ua lililoanza kulegea, petali zilizokwisha kuanguka mezani. Majira manne ya mchoro akayageuza kuwa maisha ya ua moja. Kwa akili, ni la kwanza. Kwa macho, lilikuwa dogo mno mbele ya mchoro uliosheheni vile, na nadhani nusu ya watu walipita wakidhani limeharibika.

Tulipu, kwa njia, ni za kuogopwa katika maonyesho kama haya. Zikishakatwa zinaendelea kurefuka, na zinaufuata mwanga. Kulikuwa na pambo moja ambalo tulipu zake zote zilikuwa zimegeuza shingo kuelekea taa ya dari na kuupa mchoro kisogo. Kiongozi alisema siku ya ufunguzi zilisimama wima.

Nimeweka mwisho lile ambalo kwangu lilikuwa bora kuliko yote, na kama ningekuwa na uwezo wa kuona moja tu ningeliona hilo. Lilikuwa mbele ya kazi ya El Anatsui, msanii aliyezaliwa Ghana mwaka 1944 na kufanya kazi kwa miongo mingi Nsukka, Nigeria. Huenda mmeziona kazi zake: anachukua vifuniko vya alumini na mikanda ya shingo za chupa za pombe, vinapondwa, vinakunjwa, vinatobolewa, kisha vinaunganishwa kwa waya wa shaba mpaka vinakuwa shuka kubwa la chuma linaloning'inia ukutani na kuanguka kwa mikunjo. Jambo muhimu ni kwamba shuka hilo halina umbo moja. Anatsui huwaachia wanaolitundika uhuru wa kulikunja watakavyo, kwa hiyo kazi ileile inaonekana tofauti kila inapohamishwa.

Mpambaji alichukua majani ya aina nyingi, mabichi kwa makavu, pamoja na anthuriamu nyekundu, akavikata vipande vidogo vya ukubwa wa kidole gumba na kuviunganisha kimoja kimoja kwa waya wa shaba. Ukimya! Nilisogea mpaka mlinzi akakohoa. Kila ncha ya waya ilikuwa imesokotwa mara mbili na kukunjwa kwa ndani ili isichane jirani yake. Kipande kimoja cha jani kilikuwa kimepasuka, na badala ya kukitoa alikishona kwa waya uleule, mshono ukaonekana wazi na ukapendeza. Nyuma, mahali ambapo mgeni wa kawaida haangalii, kulikuwa na vichupa vyembamba vya maji vilivyofichwa kwenye mikunjo kwa ajili ya anthuriamu chache zilizoachwa na vikonyo vyake. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Lakini ustadi wa mikono peke yake usingenifanya nirudi kulitazama. Kilichonirudisha ni kwamba majani mabichi yalikuwa yanakauka, na jani likikauka linasinyaa. Yale makavu hayasinyai tena. Kwa hiyo shuka lote lilikuwa linajivuta lenyewe, polepole, likizaa mikunjo mipya ambayo mtu hakuipanga. Kiongozi alisema lilipotundikwa lilikuwa bapa, na siku tuliyoliona lilikuwa limeshavimba katikati na kona moja imejikunja juu. Rangi za kazi ya Anatsui, dhahabu na nyekundu, zilikuwepo kwa kiasi tu, wala si zilezile kamili. Hazikuhitajika. Maua yalikuwa yanafanya jambo ambalo kazi ile inafanya, kubadilika umbo bila kubadilika asili, na yalikuwa yanalifanya mbele yetu. Hapo ndipo kipimo changu cha mgongo kwa mchoro kilipofaulu bila mjadala.

Ziara ya kuongozwa ilistahili hela yake, hasa kwa habari za nyuma ya pazia. Nilikuwa najiuliza siku zote: makumbusho yanayokukataza hata kalamu ya wino yanaruhusuje maji, udongo na chavua kando ya mchoro wa mamia ya miaka? Jibu ni kwamba yanaruhusu kwa mashaka makubwa. Adui anayeogopwa kuliko maji ni mdudu. Kuna aina za mbawakawa wadogo ambao wakiwa wakubwa hula chavua ya maua bila madhara kwa mtu, lakini mabuu wao hula sufu, hariri na manyoya. Yaani mdudu anaingia ndani ya ua, anataga, na baada ya miezi zulia la kale lina matundu. Ndiyo maana maua yote pale hukaguliwa kabla ya kupita mlango wa ukumbi, udongo hauruhusiwi, lili hutolewa vichwa vya chavua kwa kuwa chavua yake inatia doa lisilotoka, na hakuna kunyunyizia maji ndani. Maji huongezwa asubuhi kabla ya milango kufunguliwa, kwa birika lenye mdomo mrefu, na stendi zina umbali wake maalumu kutoka ukutani. Nikamkumbuka yule Mholanzi ambaye kwenye mchoro wake kulikuwa na sisimizi, konokono na kipepeo. Wangefika mlangoni leo wasingepita hata mmoja.

Kasoro ya ziara ni kundi kubwa. Waliokuwa nyuma hawakusikia nusu ya maelezo, na kila tulipofika kwenye pambo tulikuta wengine wamesimama na simu juu. Pambo la maua ni kitu cha kuzungukwa, sasa linapowekwa kona ya ukumbi mwembamba na watu wamejipanga kama ukuta, unaliona upande mmoja tu, sawa na picha. Vibao vya maelezo navyo vilikuwa vidogo, vimewekwa chini, na vingi vilitaja jina la kazi na la mpambaji bila kutaja maua yaliyotumika. Kwa maonyesho ya maua hilo ni pengo. Niliwasikia watu wakiulizana "hili ua gani?" ukumbi baada ya ukumbi, na hakuna wa kuwajibu. Wenye mzio wa chavua wajue pia kwamba kumbi hazina madirisha ya kufungua na harufu inakaa. Mimi niliifurahia, maana makumbusho kwa kawaida hayana harufu ya kitu chochote, lakini jirani yangu alipiga chafya tangu mwanzo mpaka mwisho.

Haya, sponji. Darasa la mchana liliongozwa na mwalimu mzuri sana, mwenye mikono ya haraka na maneno machache. Alitufundisha kukata kikonyo mshazari kwa kisu kikali, kuondoa kila jani litakaloingia majini, na kuanza na mistari mikuu kabla ya kuweka ua lolote la kuvutia. Alituonyesha pia jinsi ya kulihuisha ua la haidrenjia lililonyauka kwa kulizamisha kichwa kizima majini, kwa sababu hunywa hata kwa petali zake. Lakini mbele ya kila mmoja wetu kulikuwa na chombo kilichojazwa tofali la sponji ya kijani, ile ya kuchomekea maua. Sponji hiyo ilibuniwa Marekani mwaka 1954 na ni kweli imewarahisishia wapambaji kazi, unachomeka popote na linasimama. Ni plastiki lakini. Haiozi, na ukiigusa ikiwa kavu inavunjika kuwa unga unaokwenda na maji ya kumwaga. Chama cha bustani cha Uingereza, RHS, kiliacha kuiruhusu katika maonyesho yake tangu 2021. Na juu ukumbini, karibu mapambo yote niliyoyapenda yalisimama bila hiyo: la wimbi lilitumia kenzani, kile kitako kizito cha misumari cha Wajapani, na mengine yalishikwa na wavu wa waya, ule wa kufugia kuku, uliokunjwa ndani ya chombo. Kwa hiyo unapanda ngazi unaona njia bora, unashuka ngazi unafundishwa ile iliyoachwa. Nilimuuliza mwalimu, akasema vifaa huletwa na waandaaji na yeye angependelea kenzani. Sina ugomvi naye.

Mtu akitaka kwenda, ningemwambia achague tikiti ya asubuhi, siku ya pili ya maonyesho. Siku ya kwanza kuna msongamano wa wageni rasmi na wapiga picha, na kuanzia ya tatu maua laini yanaanza kukata tamaa, ingawa kwa pambo kama lile la majani na waya kuchelewa ni faida. Aingie moja kwa moja mpaka ukumbi wa mwisho na kutazama kurudi nyuma, kwa kuwa kundi zima huanza mlangoni. Asibebe mkoba mkubwa, utazuiwa. Ziara ya kuongozwa nitailipia tena bila kusita kama watapunguza ukubwa wa kundi. Darasa, mpaka waniambie kwanza wanaweka nini ndani ya chombo.